Mchezo wa Gunia

Kazi yangu ya kwanza nilipewa kwa sababu ya mama yangu, na nikaondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Baba alikuwa mtu wa reli, Mluhya wa Maragoli aliyeletwa Nakuru kuunganisha mabehewa. Mama alikuwa Mkikuyu wa Njoro. Katika chumba chetu kimoja kwenye laini za reli, zile nyumba za wafanyakazi, tuliongea lugha zote mbili, na Kiswahili kikatumika pale wazazi walipogombana. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilipoingia, serikali ilijikuta na watoto wengi ambao wazazi wao walikuwa wamechukuliwa, na hapakuwa na mtu wa kuwaelewa wakisema. Mimi nilikuwa nimetoka kusomea ualimu kwa wamisheni. Nilijua Kikikuyu, lakini kwenye karatasi nilikuwa kabila la baba. Hiyo ilitosha. Nikaandikwa kuwa mwalimu na mkalimani katika nyumba ya watoto iliyokuwa nje ya mji, kwenye mteremko wa mlima Menengai.

Ilikuwa mazizi ya farasi ya setla mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Milango ilikatwa katikati, nusu ya juu na nusu ya chini, na watoto walilala mle walimolala farasi. Kwa sheria wote walikuwa washtakiwa. Huyu alipatikana barabarani bila karatasi, yule aliiba mahindi mabichi, mwingine alikutwa ndani ya nyumba iliyokuwa tupu na hakuweza kueleza wenyewe walikwenda wapi. Walingojea siku ya kupelekwa mbele ya hakimu, na wengine walingojea muda mrefu mpaka nguo walizokuja nazo zikawabana.

Mwaka huo ziwa la Nakuru lilikuwa limekauka. Kila alasiri upepo ulilipandisha vumbi la magadi kutoka chini, jeupe kama unga, likavuka mji likatufikia. Liliingia katika chai. Lilikaa juu ya nyusi za watoto, wakaonekana kama vizee. Ndani ya vumbi hilo ndipo nilipouona mchezo kwa mara ya kwanza.

Tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana. Nilitoka darasani nikakuta ua mzima uko kimya, na watoto wamepanga foleni kando ya ua wa michongoma. Mbele yao, juu ya debe lililofunikwa, alikaa mtoto aliyevaa gunia kichwani hadi kiunoni. Gunia lilikuwa na matundu mawili. Watoto walipita mmoja mmoja, wakasimama mbele ya gunia, wakangoja. Gunia halikusogea. Kisha aliposimama msichana mmoja mnene niliyempenda kwa sababu ya kuimba kwake, gunia likainama polepole, mara moja. Msichana yule hakulia. Alitoka kwenye foleni, akaenda kukaa chini ya ukuta wa mazizi, magoti kifuani, akabaki hapo hadi chakula cha jioni. Nilimwita, hakugeuka.

Nilikwenda jikoni. Mpishi wetu alikuwa mama wa Kikipsigis wa makamo, mrefu, aliyetoka upande wa Kuresoi. "Mama," nikamwambia, "hawa watoto wanacheza nini?"

"Hiyo si mchezo," akasema, akaendelea kukoroga. "Kaa mbali nayo, mwalimu."

Nilijua ni nini, bila shaka. Kila mtu wa siku zile alijua. Katika misako ya mashambani mtoa habari alifunikwa gunia ili asitambulike, na watu walipitishwa mbele yake. Akikuinamia kichwa, unapanda lori. Akinyamaza, unarudi kwenu. Mama yangu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya gunia huko Njoro na akarudi nyumbani na mkojo kwenye nguo. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya watu wazima. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kuketi ndani yake kwa hiari, kila siku, saa ya mchezo.

Aliyekuwa ndani ni msichana wa miaka kama tisa, aliyeletwa kutoka shamba la pareto karibu na Molo. Alikutwa akitembea peke yake juu ya reli. Tangu afike hakuwa amesema neno, si kwa Kikikuyu wala kwa Kiswahili. Gunia alilitoa stoo ya jikoni. Siku moja nililiangalia alipokuwa amelala, nikaona kwamba matundu yale hayakukatwa kwa kisu. Aliyatafuna.

Ningeuona kuwa mchezo wa kusikitisha tu, kama si yaliyofuata. Asubuhi moja lori lilikuja kuchukua watoto wa kupelekwa kwingine. Hatukuwa tukiambiwa mapema nani ataondoka. Msimamizi, Mzungu mmoja mkimya aliyewahi kuwa askari, alisoma majina papo hapo. Akasoma jina la yule msichana mnene aliyekuwa akiimba. Safari iliyofuata wakasomwa wawili, na wote wawili gunia lilikuwa limewainamia juzi yake. Nikajiambia imetokea tu. Ikatokea tena.

Watoto hawakushangaa. Wao walikuwa wameshajua. Aliyeinamiwa alianza kugawa vitu vyake, mwingine kifungo, mwingine ukanda wa mpira, kabla hata ya jua kuchwa. Mpishi aliacha kumpa yule msichana wa gunia sahani mkononi. Aliiweka juu ya jiwe, akaondoka, ndipo msichana akaja kuichukua. Nami nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa nikiyahisi macho yake yakinipima, nikaanza kufanya makosa ubaoni.

Kisha gunia likamwinamia mvulana mmoja mkubwa aliyekuwa na tabia ya kuudhihaki mchezo. Alicheka akaenda kukaa ukutani kwa maringo. Lori likaja, jina lake halikusomwa. Alipaswa kufurahi. Badala yake akaendelea kungoja. Alikataa kula, kwa sababu, alivyoniambia, mtu anayesafiri hapaswi kuwa na tumbo zito. Likaja lori jingine likaondoka, naye bado yuko ukutani, midomo imepasuka, vumbi jeupe limemkaa kwenye nywele bila yeye kulikung'uta. Hatimaye akazimia, akapelekwa hospitali.

Msimamizi aliniita ofisini. Alizungumza Kiswahili cha Wazungu wa mashambani. "Ile toto ya gunia mbaya sana. Yeye nataka kuua ingine. Mimi napeleka yeye kwa hakimu, yeye nakwenda kaa jela ya watoto mpaka nakuwa mama mzima."

"Bwana," nikasema, "hajamgusa mtu."

"Ndiyo," akajibu, akiitazama kalamu yake. "Ndiyo maana yeye mbaya." Hakuinua uso mpaka nikatoka.

Siku iliyofuata niliamua kuukomesha mchezo. Nilitoka uani kwa hatua za mwalimu, nikapita kando ya foleni mpaka mbele ya debe, nikanyosha mkono nilivue lile gunia. Likainama kwangu.

Nimejaribu mara nyingi kueleza lililonipata, mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu na mbele ya majaji, na sijawahi kulieleza vizuri. Sikuogopa. Woga nilikuwa nikiujua. Ilikuwa ni kama nimekumbushwa jambo ambalo nililisahau, kwamba nina hatia, na kwamba kila mtu alijua isipokuwa mimi. Mkono wangu ukashuka. Nikageuka, nikaona miguu yangu inatembea kuelekea ukutani, na nilipofika nikakaa chini na sketi yangu ya kazini, magoti kifuani. Ukuta ulikuwa na joto. Nilisikia mpishi ananiita, "Mwalimu! Mwalimu, inuka!" Nilimsikia vizuri kabisa. Sikuona sababu ya kumjibu.

Alikuja akanivuta kwa kwapa, akanipeleka jikoni, akanimwagia maji usoni. "Nilikwambia kaa mbali," akasema, akanimwagia tena.

Nilikaa pale jikoni mpaka akili ikarudi mahali pake, na ilipokuwa ikirudi nikaelewa kitu kimoja: kama mimi, mtu mzima, nimevunjika hivi kwa mtoto kuinamisha kichwa, je, aliyekuwa ndani ya gunia alivunjwa na nini?

Jumamosi, watoto walipokuwa wakifua, nilimkuta ameketi peke yake nyuma ya mazizi, gunia limekunjwa mapajani. Nilikaa chini karibu naye. Nikamwambia kwa Kikikuyu, "Nikopeshe." Alinitazama kwa muda. Kisha akanipa.

Nikalivaa. Lilikuwa gunia la pareto, na harufu yake kali iliniwasha macho hadi machozi yakatoka. Kupitia yale matundu aliyoyatafuna niliona kipande cha mti wa mreteni, kipande cha uso wake. Pumzi yangu ilinirudia ikiwa moto. Nikaona jinsi kila kinachopita mbele ya tundu kinavyoonekana kama kimekuja kushtakiwa. Nikanyamaza. Nilikusudia kuuliza maswali, lakini ndani mle sauti haitaki kutoka.

Ndipo akasema. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu, sauti ya mtu aliyelala muda mrefu.

"Sasa hujulikani wewe ni nani," akasema. "Naweza kukwambia."

Akaniambia. Asubuhi ya msako shambani kwao, mtu wa gunia hakuja. Labda alikimbia, labda aliuawa njiani. Watu walikuwa wamekwisha kupangwa. Kiongozi wa homgadi, wale walinzi wa kijiji waliotumikia serikali, hakutaka ijulikane kwamba hana mtu. Akamkuta yule msichana stoo, alikotumwa kuchukua kikapu, akamsimamisha juu ya sanduku la chai, akamvalisha koti refu la mvua na gunia juu yake, ili aonekane mtu mfupi. Akamwambia achague. Asipochagua, wote watakaa juani mpaka waanguke.

"Sikuchagua," akasema. "Walipita wote, wakarudishwa wapite tena. Bibi mmoja akaanguka. Kisha akaja baba."

Nilimsikia akikwaruza mchanga kwa kidole.

"Koti halikufika chini. Baba akaangalia miguu yangu. Kisha akaniangalia kwenye matundu, akatikisa kichwa. Sikujua anakataa ama anakubali. Nikainama. Wakamchukua."

Ndani ya gunia nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba aliaye ndani yake haonekani. Baada ya muda nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu, anajuaje nani ataondoka na lori.

"Bwana hawaangalii machoni," akasema. "Akishakuandika, hakuangalii tena. Wote wanaoandika watu wako hivyo."

"Na mimi?"

"Wewe pia hakuangalii."

Yule mvulana je? Kwake alikosea, akasema. Bwana hakumwangalia kwa sababu alikuwa ametiwa dawa ya macho siku ile, hakumwangalia mtu yeyote. Alisema kama fundi anayekiri kwamba kipimo kilimpotea.

Niliondolewa kazini mwisho wa mwezi ule. Msimamizi alikuwa amepata habari za ukoo wa mama yangu na alikuwa ameshaandika nihamishwe. Mpaka leo huniingia baridi nikifikiri kwamba mtoto wa miaka tisa alilisoma jambo hilo katika uso wa mtu kabla yangu mimi niliyekuwa nikizungumza naye kila asubuhi. Lakini kabla sijaondoka, kesi ya msichana ilifika, na hawakuwa na mkalimani mwingine.

Hakimu alikuwa mzee aliyefyonza peremende za kifua kesi nzima. Msimamizi alieleza madai yake. Gunia likawekwa mezani. Hakimu aliliangalia, akaingiza vidole viwili katika yale matundu, akavitoa haraka kama vimeungua.

"Muulize ni nani aliyemfundisha mchezo huu," akaniambia kwa Kiingereza.

Nilimuuliza msichana. Alinitazama usoni, uso mtupu, akanyamaza. Nilijua hatasema, kwa sababu safari hii sikuwa ndani ya gunia, nilikuwa na sura. Nikamgeukia hakimu nikamwomba ruhusa niseme kama shahidi, si kama mkalimani. Msimamizi akapinga. Hakimu akahamisha peremende upande wa pili wa shavu, akasema nieleze kwa ufupi.

Nilieleza. Nilipofika kwenye sanduku la chai, aliacha kuandika. Nilipofika kwenye miguu, aliifunga kalamu. Chumba kilikuwa na joto, na bado nilimwona karani akijikunyata.

"Hayo ya shambani hayako mbele yangu," hakimu akasema baadaye. "Siwezi kuyasikia." Lakini alikuwa ameyasikia. Alikaa akitazama dirishani, kule vumbi la ziwa lilikokuwa likipanda, kisha akasema kwamba kuinamisha kichwa hakujawa kosa katika sheria anayoijua yeye, na kama kuna ndugu, mtoto aende kwa ndugu.

Ndugu alikuwa mmoja. Marehemu mama yake msichana alikuwa wa Kikipsigis, na bibi mzaa mama aliishi Kuresoi. Nilipomweleza mpishi, alifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu.

"Mimi namwogopa huyu mtoto," akasema. "Namwogopa kabisa. Lakini njia ya kwao naijua." Akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akamchukua. Niliwaona wakiteremka barabarani, mpishi mbele, msichana hatua kadhaa nyuma. Walipofika kwenye kona, yule mama alisimama, akanyosha mkono nyuma bila kugeuka, akangoja mpaka ukashikwa.

Mvulana wa ukutani alipona. Watoto waliobaki walikaa siku kadhaa bila kucheza chochote, kisha wakaanza kupiga mpira wa matambara, kwa kelele nyingi.

Hakimu yule ndiye aliyeniandikia barua ya kuingia chuo cha mambo ya jamii. Kutoka pale nikaingia katika saikolojia, na maisha yangu ya usomi yamekuwa ni kukaa na watoto walioshtakiwa na kuwaeleza mahakimu kile ambacho mtoto anakirudia kwa sababu hawezi kukisema. Vitabu vilinipa maneno ya mambo mengi. Kuhusu mwendo ule wa kutoka kwenye debe hadi ukutani, vimenipa maneno pia, mazuri, na nimeyafundisha. Bado siku zingine nikiingia ukumbi uliojaa watu walionyamaza, miguu hutafuta ukuta.

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikiishia, watu walianza kurudi kutoka vizuizini. Siku moja mtu aliyekonda alikuja nyumbani kwetu kwenye laini za reli, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa ameelekezwa na mpishi.

"Nimesikia wewe ndiye uliyekaa na mtoto wangu," akasema.

Tulikwenda naye Kuresoi kwa lori la mbegu za viazi. Tulipita Molo na ukungu ukaanza. Ndipo akaniuliza kama msichana aliwahi kuitaja siku ile. Nikamwambia aliitaja mara moja.

"Nilimjua kwa vidole," akasema. "Kidole chake kidogo kimelala juu ya mwenzake, kama cha mama yake. Nikaona watamweka pale mpaka afe. Nikamwambia kwa kichwa, ndiyo, mimi. Nichague mimi." Akanigeukia. "Alielewa, sivyo?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hakujua.  Mikono yake iliikunja kofia mpaka ikawa kama kamba.

Ukungu wa Kuresoi siku hiyo ulikuwa mzito mno, hatukuliona shamba la viazi tulilokuwa tumesimama ndani yake. Tulisikia majembe, pande zote, bila kuona mlimaji hata mmoja. Bibi alituita kwa sauti kutoka mahali fulani. Majembe yakaacha moja baada ya jingine. Kisha msichana akatokea, amerefuka, jembe begani, akasimama mbali kiasi cha kuonekana kivuli tu.

Baba yake hakumwendea. Alivua viatu vyake vya mpira, nami sikujua kwa nini, akavitenga, akasimama peku katika udongo baridi. Akasema kwa sauti ambayo shamba lote lilisikia, "Ilikuwa ndiyo. Nilikwambia ndiyo."

Kile kivuli hakikusogea. Nilianza kuogopa kwamba tutasimama pale hadi giza liingie, na kwamba nimemleta mtu huyu kuja kuhukumiwa mara ya pili. Kisha jembe likaanguka chini. Alikuja akitembea, hakukimbia, akainama mbele ya baba yake, akashika viatu, akamwambia kwa Kiswahili kilichojaa lafudhi ya bibi yake, "Vaa. Hapa kuna siafu."

Walikaa jikoni mchana ule wote. Sikuwaingilia. Bibi alinipa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, na kuniuliza habari za bei ya nguo Nakuru, na kutoka ndani nilisikia sauti zao, mara ya mzee, mara ya mtoto, na kimya kirefu katikati ambacho hakikunitisha.

Mwezi uliofuata ningesafiri kwenda ng'ambo kusoma. Jioni ile msichana alinisindikiza mpaka barabarani kungojea lori. Tulisimama kwenye ukungu, simwoni vizuri wala yeye hanioni.

"Huko unakokwenda ni mbali kuliko Mombasa?" akauliza.

"Mbali zaidi."

Alifikiri. "Kuna baridi?"

"Wanasema kuna baridi kali."

"Basi, mwalimu, usinunue sweta Nakuru," akasema. "Za huko zinapungua zikifuliwa. Bibi atakufumia."

Na kweli akanifumia, nzito, ya kijivu, inanuka moshi, na kule ng'ambo hakuna aliyekubali kuketi karibu nami nilipoivaa.